Mkanda wa Jeshi, Ugonjwa wa Neva

Mzee akifika kituo cha afya mjini Rumonge, Burundi, na malengelenge yaliyojipanga kutoka mgongoni hadi kifuani, upande mmoja tu wa mwili, daktari anayeandika kwa Kifaransa huuita ugonjwa huo zona. Kiswahili huuita mkanda wa jeshi. Zona ni neno la asili ya Kigiriki lenye maana hiyohiyo ya mkanda, na ndiyo maana ya zosta pia katika jina la kitabibu, herpesi zosta.

Umbo hilo lina sababu. Mtoto akipona tetekuwanga, virusi vyake havitoki mwilini. Hujificha katika mafundo ya neva kando ya uti wa mgongo, vikalala humo miaka mingi vikidhibitiwa na chembe nyeupe za damu. Kinga ikilegea, huzinduka na kufuata neva moja hadi kwenye ngozi; mkanda ni eneo la neva hiyo. Daktari Mwingereza Edgar Hope-Simpson alitoa maelezo haya mwaka 1965.

Nini hulegeza kinga? Kwanza umri: hatari hupanda sana baada ya miaka 50. Pili maradhi, hasa VVU na saratani. Kijana mwenye mkanda wa jeshi hushauriwa kupima VVU. Tatu, msongo wa mawazo. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya kotisoli, na dhiki ikidumu, homoni hiyo hupunguza nguvu ya chembe za kinga. Watafiti bado wanabishana kuhusu uzito wa msongo katika ugonjwa huu. Kuhusu umri na VVU hakuna ubishi. Hata hivyo, wazee wa Rumonge wamebeba dhiki za muda mrefu: wapo waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 hadi Tanzania na kurudi baada ya miaka mingi, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofurika, maji yaliingia majumbani.

Jina la Kiswahili ni zuri, ila linataja ngozi na kuiacha neva. Mgonjwa hupaka dawa akingoja malengelenge yakauke, kumbe neva iliyojeruhiwa yaweza kuuma kwa miezi baada ya ngozi kupona. Dawa ya asikloviri hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokee. Ukiona malengelenge ya namna hii, nenda kituo cha afya mapema. Yakitokea karibu na jicho, nenda siku hiyohiyo.