Maji ya Magotini

Nilipotimiza miaka 60 magoti yangu yalianza kunidai madeni ya ujana. Daktari aliyenipima aliniambia nipunguze uzito, niache kukimbia barabarani, badala yake niogelee. Nilicheka kimoyomoyo. Mtu aliyezaliwa Kasingirima, Ujiji, aandikiwe ziwa kama dawa! Kwetu ziwa lilikuwa kisima, dobi, bafu na shamba la dagaa. Mazoezi lilikuwa neno la shuleni na jeshini.

Lakini kicheko hakikudumu. Nilikumbuka kwamba nyumbani kwetu wavulana wote tulijua kuogelea, na dada zetu hakujua hata mmoja. Na wao ndio walioshinda majini.

Ziwa Tanganyika linasifiwa kwa kina. Mahali penye kina kirefu kuliko pote hufika kama mita 1,470, na duniani linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake. Lakini historia ya Ujiji ni historia ya maji mafupi. Burton na Speke walipofika hapa Februari 1858, na Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, maji yalikuwa karibu zaidi na mji. Mwaka 1878 ziwa lilifurika, likazibua mto Lukuga upande wa Kongo na kuanza kumwagikia huko. Edward Coode Hore, baharia wa London Missionary Society aliyefika Ujiji mwaka huohuo, aliyashuhudia maji yakishuka. Kabla ya miaka 20 kupita yalikuwa yameshuka kama mita 10. Leo ukisimama penye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone, inakubidi utembee ndipo uyafikie maji.

Reli ilipofika mwaka 1914 iliishia Kigoma, kwenye ghuba yenye kina cha kupokea meli. Sisi wa Ujiji tukabaki na ufuko wa mteremko mdogo na maji ya magotini. Humo dada zetu waliosha vyombo, walifua nguo na kuchota maji ya kunywa. Wavulana tulipita mbio kwenda kupiga mbizi mbele.

Wazee walituonya tuogope kina. Hawakukosea, lakini onyo lao lilikuwa nusu. Wengi waliamini kwamba maji meupe kama yetu hayana kichocho. Theodor Bilharz aliwatambua minyoo wa ugonjwa huo mjini Cairo mwaka 1851, na mwaka 1915 Robert Leiper alionyesha hukohuko Misri kwamba hukua kwanza ndani ya konokono wa majini. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye majani, karibu na watu wanakojisaidia. Vijidudu hutoka ndani yao mchana, hasa jua linapokuwa kali, na hupenya ngozi kwa dakika chache. Hata nyani wa Gombe, kaskazini ya Kigoma, watafiti waliwakuta na kichocho cha tumbo. Dada yangu mkubwa aliumwa tumbo miaka mingi, akipewa dawa ya hili na lile, mpaka siku choo chake kilipopimwa.

Mdogo wake hakufikia umri wa kupimwa. Ilikuwa kiangazi, wakati pepo za kusini-mashariki zinapovuma. Wimbi lilichukua sufuria aliyokuwa akiosha, naye akaifuata. Hatua chache tu, kisha mchanga ukamwisha miguuni. Mimi nilikuwa mbele na wenzangu, tukishindana kupiga mbizi. Nilijua kuogelea, yeye hakuwa amefundishwa na mtu, wala mimi sikuwahi kufikiri kumfundisha.

Ndiyo maana nilipoambiwa na daktari nikaogelee nilikawia kwenda. Mwishowe nilikwenda, na sina budi kusema kweli: ni dawa. Mtu akizama hadi shingoni, miguu yake hubeba kama sehemu ya kumi tu ya uzito wake, hivyo magoti hupumzika huku moyo na mapafu yakifanya kazi. Jerry Morris na wenzake mjini London walionyesha mwaka 1953 kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, hawakupatwa sana na maradhi ya moyo kama madereva waliokaa. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa juma, na kuogelea kumo. Hata hivyo hakuimarishi mifupa kama kutembea, kwa hiyo natembea pia. Na mwenye moyo dhaifu amwulize daktari kwanza, maana maji husukuma damu ya miguuni kuelekea kifuani.

Naogelea asubuhi, ziwa likiwa tulivu, mbali na majani na mifereji ya mji, na siendi peke yangu. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 na 2021 na kuzimeza nyumba za ufukoni, niliacha kwa muda, kwa kuwa maji yanayofikia vyoo si ya kuogelea. Mara kwa mara napima kichocho. Dawa yake, prazikwanteli, ipo.

Huko Nungwi, Unguja, Panje Project ilianza mwaka 2011 kuwafundisha watoto kuogelea, wasichana wakiwemo, wakiwa wamevaa nguo za kuwasitiri mwili mzima. Huelea kwa kukumbatia madumu matupu. Niliposoma habari hiyo nilinyamaza kwa muda mrefu. Dumu lilelile lililompeleka msichana ziwani kila siku, kumbe lingeweza kumbeba!

Waswahili husema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Dada zetu waliyavulia nguo kila siku, wakapata hatari yake yote, na faida yake tukaichukua sisi. Juma lililopita mjukuu wangu wa miaka tisa aliniomba anifuate asubuhi. Mama yake aliniangalia, nami nilijua anamkumbuka nani, ingawa alizaliwa miaka mingi baadaye. Nilikwenda stoo, nikachukua dumu la lita tano, nikakaza kifuniko chake.

"Twende," nikamwambia. "Lakini hatutasimama kwenye majani."