Mashua za Kukodi za Florida na Nyavu Zisizotajwa

Julai 2025 ilitimia miaka 30 tangu marufuku ya nyavu kubwa ianze kutumika katika maji ya pwani ya Florida, jimbo la kusini-mashariki mwa Marekani, na kutimia huko kunadai historia ya biashara moja isimuliwe upya, kwa kuwa ndiyo iliyonufaika na marufuku ile na ndiyo pia inayoitaja kwa uchache. Biashara yenyewe ni ya mashua za kukodi za maji ya ndani, yaani vyombo vidogo ambavyo familia au kikundi cha marafiki hukodi peke yao, bila kuchanganywa na abiria wasiojuana nao, pamoja na nahodha anayejua samaki wanakokaa, wakavua kwa saa nne hivi au kutwa nzima ndani ya hori, kwenye mikondo ya mikoko na katika maji ya kina kifupi yanayotanda nyuma ya visiwa vya mchanga, bila kutoka kwenda bahari kuu. Mteja wa kawaida wa mashua hizi si bingwa wa uvuvi, bali ni baba, mama na watoto ambao pengine hawajawahi kufunga ndoana, na maji ya ndani yanawafaa kwa sababu mawimbi ni madogo, nchi kavu haipotei machoni, na samaki hawakawii kula chambo, jambo ambalo kwa mtoto wa miaka saba lina uzito kuliko ukubwa wa samaki mwenyewe.

Simulizi linalopendwa na wenye biashara hiyo huanza Machi 1885, wakati William H. Wood, mtu wa New York, alipomshinda taponi wa takriban kilo 42 kwa fimbo na mshipi karibu na kisiwa cha Sanibel. Taponi ni samaki mrefu mwenye magamba mapana ya rangi ya fedha, ambaye anaponaswa huruka juu ya maji mara kadhaa akitikisa kichwa, na kabla ya siku hiyo watu wengi waliamini kwamba hakuna mshipi wa mkononi unaoweza kumzuia. Habari ilichapwa magazetini, matajiri wa kaskazini wakaanza kuteremka kila majira ya kuchipua, reli ikafika Boca Grande mwaka 1907 kwa ajili ya kusafirisha fosfeti lakini ikawaleta na wageni, na Barron Collier, mfanyabiashara aliyenunua kisiwa cha Useppa mwaka 1911, akaanzisha hapo klabu ya wavuvi wa starehe mwaka uliofuata. Kusini zaidi, reli ya Henry Flagler iliyofika Key West mwaka 1912 ilipitia Long Key, palipokuwa na kambi mashuhuri ya uvuvi ambayo mwandishi wa riwaya Zane Grey aliwahi kuiongoza klabu yake, hadi tufani la Septemba 1935 lilipoifagia yote.

Kwa namna hiyo historia huonekana kuwa ya wageni tu, na mwenyeji aliyemwongoza mgeni hutajwa kama mtu wa kupiga pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo katika maji mafupi. Ukweli ni kwamba maji haya yalikuwa yamekwisha kujulikana kwa undani kabla Wood hajazaliwa, kwani tangu karne ya 18 wavuvi kutoka Cuba walikuwa na makambi katika ghuba ya Charlotte Harbor, ambako walivua mkizi, wakamtia chumvi, wakamkausha na kumpeleka Havana. Mkizi, samaki wa makundi anayejulikana sana kwa msomaji wa Kiswahili kupitia methali ya hasira zake na furaha ya mvuvi, ndiye mhimili wa kisa hiki chote, maana taponi humfuata mkizi, na anayejua njia ya mkizi, mwezi wake wa kutaga mayai na upepo unaomkusanya, anajua pia pa kumpeleka mgeni mwenye fimbo. Wengi wa manahodha wa mwanzo wa Boca Grande walikuwa wavuvi wa nyavu kwa miezi ya baridi, wakawa waongozaji wa wageni taponi walipofika kati ya Aprili na Julai, na mgeni alilipa hasa kwa elimu iliyopatikana kwenye nyavu hata kama mwenyewe hakuitambua.

Kijiji kinachoonyesha jambo hili waziwazi ni Cortez, kwenye ghuba ya Sarasota kusini mwa Tampa, ambacho mwandishi Ben Green alikieleza kwa mapenzi katika kitabu chake cha mwaka 1985, na ambacho historia yake huhifadhiwa katika makumbusho ya bahari yaliyowekwa ndani ya jengo la shule ya mwaka 1912. Familia zilizokianzisha zilihamia hapo katika miaka ya 1880 kutoka Carteret, wilaya ya pwani ya jimbo la Carolina Kaskazini, zikaleta ufundi wa kuunda mashua na wa kusuka nyavu, zikajenga maghala ya samaki juu ya nguzo, na baada ya tufani la mwaka 1921 kuufuta ukingo wote wa maji zikaujenga tena. Wanakijiji hujivunia kwamba katika mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, taifa zima lilipopanga foleni ya chakula cha msaada, wao hawakuchukua msaada wa serikali kwa kuwa ghuba iliwalisha, na msomaji anaruhusiwa kushuku ukamilifu wa dai hilo bila kushuku fahari iliyolizaa.

Umbo la biashara ya leo lilitokana na mambo mawili, moja la ufundi na jingine la msiba. La ufundi ni injini ndogo za nje na miili ya plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, ambazo baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilimwezesha mtu mmoja kumiliki chombo chepesi kinachoelea katika maji ya magotini, na ambacho tangu miaka ya 1970 huwekewa jukwaa juu ya injini ili nahodha asimame juu, apige pondo na kuwaona samaki kabla wao hawajamwona; ubunifu huo huhusishwa na Bill Curtis wa ghuba ya Biscayne, karibu na Miami. La msiba lilitokea mbali na Florida, tarehe 1 Septemba 1951, wakati mashua ya uvuvi iitwayo Pelican, iliyopakia watu 64, idadi kubwa kuliko uwezo wake, ilipopinduka karibu na Montauk katika jimbo la New York na kuua watu 45. Msiba huo ulikuwa miongoni mwa yaliyoisukuma serikali kutunga sheria ya mwaka 1956, inayotaka kila chombo cha kukodi kinachobeba zaidi ya abiria sita kikaguliwe na walinzi wa pwani, na tangu hapo nahodha mdogo asiyetaka gharama za ukaguzi amebaki na abiria sita au pungufu. Hesabu hiyo iliyoandikwa kwa ajili ya usalama ndiyo iliyoipa familia mashua yake yenyewe, na ni haki kusema kwamba hakuna mtaalamu wa masoko ambaye angeweza kubuni kipimo bora kuliko hicho.

Si nje ya mada kukumbusha kwamba mtindo huu wa starehe ulikuwa na uzi uliofika pwani ya Waswahili, kwani Ernest Hemingway, aliyevua kutoka Key West tangu mwaka 1928, alivua pia mbele ya Malindi mapema mwaka 1934 baada ya safari yake ya kuwinda, kisha akarudi Marekani na kujinunulia mashua yake, Pilar. Huo, hata hivyo, ulikuwa uvuvi wa bahari kuu na wa wenye nacho, na haukumhusu mtoto mwenye ndoana ya kamba katika hori.

Ugomvi uliozaa maadhimisho ya mwaka 2025 ulianza jikoni. Katika miaka ya 1980 mpishi Paul Prudhomme wa New Orleans aliupatia umaarufu mlo wa samaki wa rangi ya shaba mwenye doa jeusi mkiani, aliyepakwa viungo na siagi akaunguzwa kwenye kikaango chenye moto mkali, na tamaa ya mlo huo ikaenea nchi nzima kiasi kwamba makundi ya samaki hao katika Ghuba ya Mexico yalizolewa kwa nyavu kubwa, hadi mamlaka zilipoingilia kati na Florida ikapiga marufuku kuuzwa kwake mwishoni mwa muongo huo. Wavuvi wa fimbo walijifunza hapo kwamba samaki anaweza kuondolewa sokoni kwa sheria, kama alivyokwisha kuondolewa snuku, samaki wa mikokoni mwenye mstari mweusi ubavuni, mwaka 1957. Wakati huohuo bei ya mayai ya mkizi ilikuwa ikipanda kwa sababu ya wanunuzi wa Taiwan, na kila Desemba hori zilijaa nyavu za kunasa, ambazo ni nyavu za ukuta zinazomkamata samaki mashavuni na ambazo wavuvi wa Afrika Mashariki wangezifananisha na jarife.

Karl Wickstrom, mwanzilishi wa jarida la Florida Sportsman, aliona kwamba kuibembeleza tume ya uvuvi mwaka baada ya mwaka hakufai, akahimiza jambo lipelekwe moja kwa moja kwa wapiga kura kama marekebisho ya katiba ya jimbo. Kampeni iliyofuata ilitumia picha za kasa na pomboo walionaswa, nao wavuvi wa nyavu wakalalamika kwamba picha hizo hazikuwa sura ya kazi yao, kwamba kupungua kwa samaki kulitokana pia na kukatwa mikoko, kuchimbwa mifereji na kumwagwa maji machafu na wajenzi wa majumba ya ufukweni, na kwamba mjenzi hakupigiwa kura na mtu. Hoja hiyo ya mwisho ilikuwa nzito kuliko zilizoishinda, lakini kijiji chenye familia chache hakiwezi kuizidi sauti ya jimbo la mamilioni, na tarehe 8 Novemba 1994 takriban asilimia 72 ya wapiga kura waliunga mkono marekebisho. Kuanzia tarehe 1 Julai 1995 nyavu za kunasa zilipigwa marufuku katika maji yote ya jimbo, na nyavu nyingine zenye eneo linalozidi futi za mraba 500, yaani mita za mraba 46 hivi, zikazuiwa karibu na pwani. Jimbo lilitenga takriban dola milioni 20 za kununua nyavu, na katika maghala ya pwani zikarundikwa nyavu za kazi za vizazi, zikapimwa na kulipiwa kama vyuma chakavu.

Ubishi haukuishia hapo, kwa sababu katiba ilisema nyavu ya kunasa bila kusema nyavu inaanza kunasa kwa tundu la ukubwa gani, na wavuvi wa wilaya ya Wakulla, kaskazini mwa jimbo, walishona nyavu zilizochanganywa na maturubai, wakadai mahakamani kwamba turubai si nyavu. Kanuni ya serikali iliyowaachia tundu la inchi mbili tu waliipinga kwa sababu iliyo wazi kwa mvuvi yeyote, kwamba tundu dogo huua samaki wachanga na tundu kubwa huwapitisha, na Oktoba 2013 jaji mmoja mjini Tallahassee alikubaliana nao na kuiondoa marufuku, furaha ikadumu siku chache kabla ya amri hiyo kusimamishwa na hatimaye kutenguliwa mwaka 2014. Katika mabishano hayo yote wenye mashua za kukodi, ambao makundi ya snuku na mkizi yalipoongezeka wao ndio waliopata wateja, walisimama upande wa sheria.

Wavuvi wengine waligeukia kaa, wengine walifundishwa kufuga chaza wa mchangani huko Cedar Key na kuufanya mji huo kuwa kitovu cha zao hilo, na wengine walinunua fimbo kumi, boksi la barafu na jaketi za kuokolea maisha za ukubwa wa watoto. Sheria iliwasaidia hao wa mwisho, kwani tangu leseni ya uvuvi wa baharini ianze kudaiwa mwaka 1990, leseni ya nahodha wa kukodi huwafunika abiria wake wote, na familia inayotoka hotelini haina fomu ya kujaza. Yaliyofuata ni mafupi: maji mekundu, yaani mlipuko wa mwani mdogo sana wenye sumu, uliodumu tangu mwishoni mwa 2017 hadi mapema 2019 uliwafanya manahodha wa kusini-magharibi wawarudishe majini snuku wote, jambo ambalo mvuvi wa Mafia au Lamu angelitazama kwa mshangao, na tufani la Helene, la Septemba 2024, liliingiza bahari ndani ya nyumba za Cortez, kabla ya lile la Milton la Oktoba.

Cortez iliandikishwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria mwaka 1995, mwaka uleule ilipopokonywa nyavu zake, na katika utaratibu huo wa kuhifadhi nyumba baada ya kuondoa kazi iliyozijenga kuna dharau ambayo vibao vya shaba haviifichi. Wageni wanaokodi mashua hapo leo hupita mbele ya maghala ya nguzo, nahodha huyaonyesha kwa kidole na kuongeza mwendo, ilhali maelezo yake kuhusu wapi mkondo unapinda na kwa nini samaki hukaa upande wa kivuli yametoka kwa watu waliofanya kazi ndani ya maghala hayo.

Zana moja ya wazee hao haikupigwa marufuku na sheria. Kabla ya kuwachukua abiria, kukiwa bado giza, nahodha wa mashua ya familia husimama mbele ya chombo chake, hukunja kimia begani, hushika ukingo wake kwa meno na kukirusha kikafunguka kama duara juu ya samaki wadogo wa chambo. Urefu wa kimia hicho, kutoka kishikio hadi kwenye risasi za chini, hauruhusiwi kuzidi futi 14.