Jinsi ya kupata kikundi cha kuacha pombe ukiwa Griftu

MTU anayetaka kuacha pombe mjini Griftu, katika eneo la Wajir Magharibi, hukabiliwa na vizuizi viwili: umbali na fedheha. Umbali unapimika, safari ya Wajir mjini, Garissa au Nairobi ina nauli yake. Fedheha haipimiki. Katika jamii ambayo wengi wake ni Waislamu, pombe ni haramu na anayekunywa hunywa kwa siri. Hata anapochoka nayo, huogopa kuomba msaada, kwa kuwa kuomba msaada ni kukiri.

Wapo pia walimu, polisi na watumishi wengine wa umma waliohamishiwa huko kutoka sehemu nyingine za nchi, wanaoishi mbali na jamaa zao. Hawa nao huficha, wakihofia kazi zao. Wapo vilevile watafunaji wa miraa ambao, baada ya kukesha, hunywa pombe ili wapate usingizi.

Chanzo cha vikundi

Vikundi vya kusaidiana vilizaliwa katika hali inayofanana na hiyo. Mnamo Mei 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu awali, alijikuta peke yake katika hoteli mjini Akron, Marekani, biashara iliyompeleka huko ikiwa imeharibika. Alipohisi kiu imemrudia, alishika simu na kuulizia mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akaunganishwa na Robert Smith, daktari wa upasuaji. Mazungumzo yao yalizaa Alcoholics Anonymous, au AA kwa ufupi, ambayo leo ina vikundi katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo.

Mkutano huendeshwaje

Sharti la kujiunga na AA ni moja tu: nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada, ingawa huchangishwa kidogo kwa hiari. Kwa kawaida mkutano huchukua kama saa moja. Wanachama hujitambulisha kwa jina la kwanza pekee, mmoja mmoja husimulia yaliyompata, na wengine husikiliza bila kumkatiza wala kumhukumu. Mgeni halazimishwi kusema. Yanayosemwa hayatolewi nje.

Ipo mikutano ya wazi, ambayo hata jamaa au mtafiti anaweza kuhudhuria, na iliyofungwa, ya wenye tatizo pekee. Mwanachama mpya hushauriwa kutafuta mlezi, yaani mtu aliyekaa muda mrefu bila pombe, wa kumpigia simu kiu inapomjia. Jamaa za walevi wana vikundi vyao viitwavyo Al-Anon, vilivyoanzishwa mwaka wa 1951.

Waislamu wengine husita kwa kudhani kwamba AA ni tawi la kanisa. Chama hicho hakifungamani na dini yoyote, japo hatua zake 12 humtaja Mungu na baadhi ya vikundi hukodi kumbi za makanisa. Mwaka wa 1989, Waislamu wa Baltimore, Marekani, walianzisha Millati Islami, kikundi kinachofuata hatua hizo kwa misingi ya Uislamu.

Pa kuanzia

Hatua ya kwanza ni kupiga simu nambari 1192, isiyolipiwa, ya mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na mihadarati, Nacada. Mshauri husikiliza na kumwelekeza mhusika kwenye huduma zilizopo.

Ya pili ni hospitali. Afisa wa kliniki mjini Griftu anaweza kumpima mgonjwa na kumtumia hospitali ya rufaa ya Wajir. Sheria ya Afya ya Akili, ilivyorekebishwa mwaka wa 2022, inautambua uraibu wa pombe kuwa ugonjwa, si ukosefu wa adabu.

Ya tatu ni mikutano ya mtandaoni. Baada ya janga la Covid-19 la 2020, vikundi vingi vya AA viliendelea kukutana kwa njia ya intaneti. Penye mtandao wa simu, mtu anaweza kuhudhuria akiwa chumbani mwake, kamera imezimwa, bila jirani kujua.

Onyo

Aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake. Kutetemeka, kutokwa jasho na kukosa usingizi huweza kuanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho. Kifafa, kuona vitu visivyokuwepo au kuchanganyikiwa ni dalili za hatari zinazoweza kuua. Mgonjwa afikishwe hospitalini mara moja. Kikundi humsaidia mtu asirudie pombe. Hakichukui nafasi ya daktari.

Pasipo na kikundi

Ikiwa hakuna mkutano karibu, unaweza kuanzishwa. Hauhitaji ofisi wala mfadhili. Chumba cha faragha, siku na saa zisizobadilika, na ahadi ya kutunza siri vinatosha. Imamu au mwalimu anayeaminika anaweza kuwakutanisha wahusika. Wanazuoni wenyewe hufundisha kwamba pombe ilikatazwa hatua kwa hatua. Idadi isimvunje mtu moyo: kule Akron walianza wawili.