Jina la Somo: Mikutano ya Walimu wa Ufundi Nchini Marekani na Funzo Lake kwa Istilahi

Mfasiri anayeletewa nyaraka za elimu kutoka Marekani hukuta somo moja la shule likitajwa kwa majina manne. Wako wanaoyafasiri yote kwa neno "ufundi" na kuona kazi imekwisha. Kwa maoni yetu, njia hiyo humficha msomaji jambo kubwa. Majina hayo yalizuka miongoni mwa walimu wenyewe, yakajadiliwa katika majarida na mikutano yao, na kila jina lilibeba dai jipya kuhusu kile mtoto anachopaswa kujifunza. Makala hii inaeleza kwa ufupi historia hiyo, kisha inatoa mapendekezo.

Mwaka 1876 yalifanyika maonyesho makubwa katika mji wa Philadelphia. Urusi ilileta vielelezo vya chuo cha ufundi cha Moscow kilichoongozwa na Victor Della Vos. Yeye aliigawa kazi ya fundi katika mazoezi madogo madogo, kuanzia jepesi hadi gumu, hata ikawezekana kuwafundisha wanafunzi wengi kwa pamoja. Wamarekani walivutiwa. Mwaka 1879 Calvin M. Woodward alianzisha shule ya namna hiyo katika mji wa St. Louis. Jina la somo likawa na maneno mawili tu: la kwanza lahusu mkono, la pili mafunzo. Shabaha yake ilikuwa kuuzoeza mkono na jicho.

Wakati huohuo, huko Nääs nchini Sweden, Otto Salomon alikuwa akiendesha kozi za walimu, zikiwemo za likizo, zilizohudhuriwa na walimu kutoka nchi nyingi. Walichonga vifaa vya nyumbani vyenye matumizi, wakarudi makwao na fikira kwamba kazi ya mikono ni sehemu ya malezi ya kila mtoto, wala si ya fundi mtarajiwa peke yake.

Fikira hiyo ililifanya jina la kwanza lianze kubana. Mwaka 1904 Charles R. Richards alitoa hoja katika jarida la walimu hao kwamba jina libadilishwe, ili litaje viwanda na sanaa badala ya mkono. Mwaka 1909 Charles A. Bennett aliwakusanya wakufunzi wa walimu wa somo hilo katika mkutano uliopewa jina la bonde la mto Mississippi, na mkutano huo ukaendelea kuitishwa kwa miaka mingi.

Mwaka 1917 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kugharimia elimu ya kumwandaa kijana kwa kazi maalumu. Sasa mpaka ukawa bayana: upande mmoja mafunzo ya kazi, upande wa pili somo la wote kuhusu viwanda na maisha. Aliyechanganya majina alichanganya pia mafungu ya fedha.

Mwaka 1939 William E. Warner aliongoza kuundwa kwa chama cha taifa cha walimu wa somo hili. Katika mkutano wa chama wa mwaka 1947, yeye na wenzake walipendekeza kwamba mtaala uache kupangwa kwa mbao na chuma, upangwe kwa shughuli kama nishati, usafirishaji, ujenzi, uzalishaji na mawasiliano. Pendekezo lilikubalika polepole mno. Walimu wengi walikuwa na randa na tezo mikononi, na karakana haibadiliki kwa azimio. Hata hivyo taarifa ya Jackson's Mill, iliyotolewa mwaka 1981 na jopo la wataalamu 21, iliirudia fikira ileile, na mwaka 1985 chama kikabadilisha jina lake na kuweka neno teknolojia. Mwaka 2000 kilitoa viwango vya ujuzi wa teknolojia, na mwaka 2010 neno uhandisi likaongezwa katika jina la chama.

Hapa pana mtego kwa mfasiri. Wako walimu wengine walioanza mwaka 1979 kufanya mkutano wa taifa kuhusu matumizi ya kompyuta katika elimu. Hao hufundisha somo lolote kwa msaada wa mashine. Elimu ya teknolojia na teknolojia ya elimu ni mambo mawili, na anayepindua mpangilio wa maneno humpeleka mwalimu kwenye mkutano usiomhusu.

Kutokana na historia hiyo, tunapendekeza hivi. Nyaraka zitumiazo jina la kwanza zifasiriwe "mafunzo ya mikono". Kwa jina la pili tusiseme "sanaa za viwanda", maana neno sanaa litamfanya msomaji afikirie uchoraji na uchongaji. "Maarifa ya viwanda" lafaa zaidi, kwa kuwa limeundwa kwa mfano wa "maarifa ya jamii", jina ambalo walimu wetu wanalifahamu. Jina la tatu liwe "elimu ya teknolojia", na la nne "elimu ya teknolojia na uhandisi". "Ufundi stadi" libaki kwa mafunzo ya kazi maalumu, kama linavyotumika Tanzania katika jina la mamlaka iliyoundwa mwaka 1994.

Lakini funzo kubwa linahusu njia kuliko maneno. Kati ya hoja ya Warner na mabadiliko ya jina ilipita miaka 38. Kamati ya istilahi yaweza kusanifisha neno kwa siku moja. Neno hilo halitakuwa na uhai mpaka mwalimu alitamke mbele ya wanafunzi bila kusita. Kwa hiyo orodha zetu za istilahi za ufundi na teknolojia zifikishwe katika semina za walimu kabla ya kupigwa chapa, zijadiliwe palepale penye vifaa, na walimu wawe na haki ya kuzikataa. Wasomaji wanaofundisha masomo haya wanaombwa watuletee maneno wanayoyatumia karakanani, pamoja na maelezo ya maana zake.