Askari wa Kifaru

Ukisoma hukumu za mahakama zetu utakutana nazo mapema, kabla hata hujajua mshtakiwa kafanya nini: herufi mbili zenye mkwaju katikati, s/o. Fulani s/o fulani, yaani mtoto wa kiume wa. Wanawake wana d/o, na walioolewa wana w/o. Waingereza waliondoka, mkwaju wao ukabaki. Ilikuwa njia ya karani ya kuwapanga watu ambao majina yao hayakwenda kama majina ya kwao: jina lako, jina la baba yako, namba, basi. Nimeishi na mkwaju huo miaka miwili sasa, kwa kuwa ndio mlango ambao jeshi la mkoloni liliwaachia watu kama mimi, wanaowatafuta babu zao.

Ninayemtafuta ni baba yake babu. Nyumbani kwetu Iringa hakuna anayemtaja kwa jina. Ni Mzee wa Keya. Keya ni K.A.R., King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Waingereza vya Afrika Mashariki, Uganda na Afrika ya Kati. Watu walizichukua zile herufi tatu wakazilainisha mpaka zikawa neno la Kiswahili. Mzee aliingia Keya akiwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja mchanga, ambaye ndiye babu yangu. Akarudi mwaka 1946. Akalima, akazaa watoto wengine sita, akafa mwaka 1983.

Ilikuwapo karatasi moja, cheti cha kuachishwa jeshi, aliyoihifadhi ndani ya mkebe wa majani ya chai. Miaka ya sabini alipita mtu akikusanya vyeti vya wazee waliopigana vita vya Hitler, akisema anawafuatilia malipo yao. Mtu huyo hakurudi, wala cheti hakikurudi. Tangu hapo Mzee alipoanza kusimulia habari za Burma kwenye ulanzi, vijana walimcheka. Wengine walisema alikuwa mpishi tu, na kwamba hakuvuka hata Mombasa. Nilipoanza shahada ya uzamili, bibi, mdogo wake babu na mtoto pekee wa Mzee aliye hai, aliniita akaniketisha. "Mjukuu wangu, wewe si unasoma historia? Basi niambie kama baba yangu alikuwa mwongo."

Sikujua kuwa ningeanzia kwa wafu. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1917, ina hazina ya majina ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta bure kwa simu yake. Askari wa Keya aliyefia Burma unaweza kumpata humo: namba yake ya jeshi, batalioni, tarehe ya kufa, jiwe au ukuta alikoandikwa. Mara nyingi kuna na jina la baba yake, pengine la mkewe, pengine wilaya. Aliyerudi hai hana hata mstari. Kazi ya tume ni wafu, kwa hiyo siilaumu kwa hilo, lakini matokeo yake ni ya ajabu: ili Mzee aandikwe vizuri, ilimpasa afe vitani.

Na hata kufa hakukutosha siku zote. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti iliyokiri kwamba katika Vita vya Kwanza watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Humo wamo wapagazi wa ile Carrier Corps iliyotuachia jina la Kariakoo. Kila ninapopita Posta naitazama Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa pale mwaka 1927. Ina bunduki, ina sare, ina hata mikunjo ya nguo. Jina haina.

Kwa walio hai, nilidhani shajara za vita zingesaidia. Kila batalioni iliandika shajara yake ya kila siku, na zile za Asia ya Kusini-Mashariki zimehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew. Nauli ya kwenda huko sina. Rafiki anayesoma kule alinipigia picha kurasa kadhaa. Mwingereza mwenye cheo akipata homa, ameandikwa kwa jina. Askari Waafrika wameandikwa kwa tarakimu: wangapi wamekufa, wangapi wamejeruhiwa, wangapi wamepelekwa hospitali. Nilijikuta nikitazama tarakimu "3" kwa muda mrefu, kana kwamba ningeikodolea macho ingefunguka.

Karatasi pekee yenye Mzee ndani yake niliipata misheni. Kitabu cha ubatizo, Kilatini, mwandiko wa padri uliolala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Jina la ubatizo, jina la baba, jina la mama, wasimamizi. Vitabu vya Kikatoliki vina desturi nzuri ya kuendelea kuandika pembeni: mtu akipata kipaimara, au akifunga ndoa, padri anarudi kwenye mstari wake wa ubatizo na kuongeza. Pembeni mwa Mzee kuna ndoa kabla ya vita, kisha hakuna kitu. Tatizo ni kwamba jina la kitabuni silo ambalo bibi anasema aliitwa jeshini. Jeshini alikuwa jina la nyumbani s/o baba yake. Misheni alikuwa mtakatifu wa Kitaliano. Kijijini akawa Mzee wa Keya. Mtu mmoja, majina matatu, na hakuna karatasi inayoyakutanisha.

Hapo ndipo nilipoamua kuyachukua maneno ya bibi kama nyaraka, na kuyasoma kwa ukali uleule ambao walimu wangu wanataka nisome barua ya gavana.

Kwenye ukoo wetu inajulikana kuwa Mzee alikuwa "askari wa kifaru". Baba zangu wadogo wanaisimulia hivyo kwa mikono yao yote miwili, wakishika usukani usioonekana na kuiga mngurumo. Lakini Keya walikuwa askari wa miguu. Batalioni zao hazikuwa na vifaru vya chuma. Hii ndiyo sehemu iliyowapa wacheshi wa kijijini nguvu: tangu lini mpagazi akaendesha kifaru? Nilimwomba bibi anieleze alivyosikia yeye, na si walivyosikia wanawe. Akasema baba yake hakuwahi kusema aliendesha chochote. Alisema, "Sisi tulikuwa wa kifaru," huku akijipiga begani.

Begani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943 na kupelekwa Ceylon na kisha Burma, ilivaa begani alama ya kichwa cha kifaru, mnyama mwenyewe, mwenye pembe. Kiswahili kinampa mnyama na gari la vita jina moja, na vizazi viwili baadaye watoto waliokulia na redio na gwaride za uhuru wakachagua gari. Mzee hakuongeza chumvi. Wajukuu ndio waliobadilisha kitoweo.

Bibi alikuwa na kitu kingine, namba. Thelathini na sita. Hakujua ni namba ya nini. Alidhani ni ya nyumba waliyolala. Batalioni za Keya zilizounda ile divisheni zilikuwa na utaratibu ambao ukishaujua unakufaa sana, kwani tarakimu ya mwisho mara nyingi inaonyesha zilikotoka. Ya 2 na ya 22 za Nyasaland. Ya 4, ya 34 na ya 44 za Uganda. Kenya ilivuruga kidogo kwa kuwa na ya 11. Na za Tanganyika, zilizozaliwa na Batalioni ya 6, ni mbili: ya 26 na ya 36. Hakuna mtu wa kijijini kwetu ambaye angebuni namba hiyo kwa bahati. Batalioni ya 36 ilikuwa kwenye Brigedi ya 26, pamoja na ya 22 na ya 44. Luteni mmoja Mwingereza wa batalioni hiyo, John Nunneley, alikuja kuandika kitabu kizima cha kumbukumbu zake. Waruhiu Itote, ambaye Kenya wanamjua zaidi kama Jenerali China wa Mau Mau, naye alipigana Burma katika Keya na akaandika chake. Mzee aliacha namba.

Basi nikaacha kumtafuta yeye, nikawatafuta waliokufa kando yake. Nilipakua orodha ya wafu wa Keya walioandikwa Burma, nikaichuja, nikaipanga kwa tarehe. Wengi hawana kaburi linalojulikana. Wameandikwa kwenye Ukumbusho wa Rangoon, uliomo ndani ya makaburi ya Taukkyan, kaskazini mwa Yangon, penye majina yanayokaribia 27,000 ya majeshi yote ya Jumuiya ya Madola. Divisheni ilichukua Tamu mwanzoni mwa Agosti 1944, ikashuka kusini kwenye Bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika ya kule, kwenye tope ambalo magari yalizama na malaria iliyoangusha watu kuliko risasi. Katikati ya Novemba ilifika Kalemyo. Tarehe 2 Desemba ikaingia Kalewa, kwenye Mto Chindwin, ambako wahandisi walijenga daraja la vipande vya chuma kuvuka ng'ambo. Unaweza kuifuata njia hiyo kwenye ramani ya kitabu chochote cha vita. Mimi niliifuata kwa tarehe za vifo. Wiki ina wawili. Wiki ina mmoja. Siku moja ya Novemba orodha inajaa ghafla, halafu kimya cha siku nne. Katika kila tarehe ninajua jambo moja tu juu ya Mzee: siku hiyo haikuwa yake.

Namna hii ya kumjua mtu inanisumbua, na sioni sababu ya kuificha. Wasifu wake nimeujenga juu ya baba za watu wengine. Nilipomsomea bibi majina ya waliotoka Iringa, kila mmoja na s/o yake, nilitumaini kwamba angalau mmoja angemshtua, angekuwa jirani, shemeji, mtu. Hakumjua hata mmoja. Aliniomba nirudie majina ya baba zao, polepole, kisha akauliza kama wana hao waliacha watoto. Nikamwambia karatasi inataja wake wawili. "Basi waambie na wao," akasema, kana kwamba nina anwani zao.

Kilichomfurahisha zaidi ni kitu ambacho mimi nilikidharau. Mzee alipenda kusema kwamba huko Burma waligeuka njano kama maembe, na hapo ndipo kicheko cha ulanzini kilipokuwa kikubwa kuliko pote. Jeshi liliwalazimisha askari kunywa kila siku kidonge cha mepakrini, kinga ya malaria, na dawa hiyo hugeuza ngozi kuwa ya njano. Ni jambo linalojulikana kabisa. Bibi alinifanya nilirudie mbele ya baba zangu wadogo, na mbele ya jirani ambaye baba yake alikuwa mmoja wa wachekaji.

Kuhusu fedha nilimweleza kwa kifupi. Mwaka 2019 waandishi wa habari walitoa waraka kutoka hifadhi ileile ya Kew unaoonyesha kwamba malipo ya kuachishwa jeshi yalipangwa kwa rangi: askari Mwafrika alipewa karibu theluthi ya alichopewa mzungu wa cheo hichohicho. Bibi hakushangaa. Aliuliza kama theluthi hiyo nayo ilikuwa kwenye kile cheti kilichochukuliwa, nikasema sidhani, akasema basi hamdai yule mtu pesa, anamdai karatasi.

Mzee aliacha pia nyota ya shaba yenye pembe sita, iliyoandikwa Burma. Ilikuwa kwenye mkebe uleule, ikanusurika kwa kuwa mkusanya vyeti alitaka karatasi tu. Medali za Vita vya Kwanza Waingereza walizichonga ukingoni namba na jina la aliyepewa. Hizi nyota za Vita vya Pili walizitoa bila jina. Nimeigeuza ya Mzee kila upande chini ya taa ya simu. Nyuma ni laini kama sarafu mpya. Mtu angeweza kusema aliinunua, na yupo aliyewahi kusema hivyo.

Mwaka huu ukoo unajengea kaburi lake, saruji na marumaru, na kikao kimebishana juu ya jina. Padri angependa lile la ubatizo. Baba zangu wadogo wanataka Mzee wa Keya, na mchoro wa kifaru, wa chuma bado, kwa sababu fundi ana mfano wake tayari. Bibi amekataa vyote viwili. Anataka jina la nyumbani, s/o, jina la baba yake, na chini yake K.A.R. 36. Nilimweleza kwamba ule mkwaju ni wa makarani wa mkoloni, kwamba tunaweza kuandika "mwana wa" kwa Kiswahili au "bin". Akasema baba yake aliitikia hivyo kila asubuhi kwa miaka mitano, na wenzake wa ule ukuta wameandikwa hivyo, hataki apite yeye peke yake kwa namna nyingine.

Fundi anatoza kwa herufi. Nilipomtajia bibi bei, aliuliza kama mkwaju nao unahesabiwa.