Mwanasesere, tarakilishi na dakika ya kwanza

Leo hatuzungumzii simu mpya wala lugha za programu. Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo sisi waunda programu hulifanya kila siku: kukijaribu kitu mahali salama kabla ya kukipeleka kwa watu. Tofauti ni kwamba hapa kinachojaribiwa ni mikono ya daktari, muuguzi na mkunga. Mikono hiyo ikikosea, hakuna toleo jipya la kurekebisha kosa.

Kwa karne nyingi mwanafunzi wa udaktari alisimama nyuma ya mwalimu wake akatazama, halafu siku moja akaambiwa, "Haya, fanya wewe." Yule wa kwanza kufanyiwa alikuwa mgonjwa, na mara nyingi mgonjwa maskini, kwa kuwa ndiye aliyelazwa katika hospitali za kufundishia. Ndipo likazuka swali ambalo watafiti wamehangaika nalo hadi leo: ni nani anayelipia makosa ya anayejifunza?

Mashine ya kitambaa

Jibu moja la zamani linatoka Ufaransa. Mwaka 1759 Mfalme Louis XV alimpa mkunga aitwaye Angélique du Coudray kazi ya kuzunguka nchi akifundisha ukunga wanawake wa vijijini. Wengi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo vitabu pekee visingesaidia. Mama huyu alitengeneza kitu alichokiita "mashine": nyonga ya mwanamke iliyoshonwa kwa kitambaa na ngozi na kujazwa pamba, pamoja na mtoto wa kitambaa ndani yake. Mwanafunzi aliingiza mkono, akamgeuza mtoto aliyekaa vibaya, akakosea, akarudia. Du Coudray alizunguka hivyo kwa zaidi ya miaka 20. Mashine yake moja imehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Rouen.

Tazama alichokifanya: hakuwa na umeme wala tarakilishi, lakini alikuwa amekwisha kupata mahali ambapo mtu anaweza kukosea mara kumi bila mtu yeyote kufa.

Mgonjwa mwenye waya

Sasa turuke hadi karne ya 20. Marubani walitangulia. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link alijenga mashine ya kujifunzia urubani akitumia vifaa vya kusukuma upepo kutoka kiwanda cha vinanda cha baba yake. Jeshi la Marekani lilianza kuzinunua mwaka 1934, baada ya marubani kadhaa kufa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa.

Madaktari walifuata baadaye. Katika Chuo Kikuu cha Southern California mjini Los Angeles, mtaalamu wa elimu Stephen Abrahamson na daktari wa nusukaputi Judson Denson walipata fedha za serikali, zaidi ya dola 250,000, wakashirikiana na wahandisi wa kampuni ya Aerojet General. Kufikia mwaka 1967 walikuwa na Sim One, mgonjwa wa plastiki aliyeunganishwa na tarakilishi. Kifua chake kilipanda na kushuka, macho yalipepesa, mboni zilipanuka na kusinyaa, moyo ulidunda. Ukimpa dawa, mwili wake uliitikia. Kumbuka kwamba hiyo ilikuwa miaka ya 1960, wakati tarakilishi ilijaza chumba kizima!

Hawakuishia kwenye maonyesho. Walichukua kikundi kidogo cha madaktari waliokuwa wakijifunza kumwingizia mgonjwa mrija wa kupumulia kooni, wengine wakafundishwa kwa Sim One na wengine kwa njia ya kawaida. Waliotumia mashine walifikia ustadi kwa siku chache zaidi. Matokeo yakachapishwa mwaka 1969. Pamoja na hayo yote, Sim One ilijengwa moja tu. Hakuna aliyekuwa tayari kulipia ya pili.

Katika chuo hicho hicho, mwaka 1963, daktari wa mishipa ya fahamu Howard Barrows alikuwa amepata njia ya bei nafuu mno. Alimfundisha mtu mzima wa afya kuigiza mgonjwa: jinsi anavyotembea, mahali anapoumwa, anavyojibu maswali. Yeye na Abrahamson walimwita "mgonjwa aliyepangiwa programu". (Ndiyo, neno letu lile lile.) Wenzake walimcheka, lakini wazo lake ndilo lililosambaa. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, walichapisha mtihani ambao mwanafunzi huzunguka kutoka kituo kimoja hadi kingine, kila kituo na kazi yake na orodha yake ya alama. Mtihani huo unaitwa OSCE, na mwanafunzi wa tiba wa Kenya hahitaji kuelezwa maana yake. Moyo humwenda mbio akilisikia jina tu.

Huko Norway, mjini Stavanger, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto aitwaye Åsmund Laerdal alikuwa ametoa mwanasesere wake mwaka 1960, kwa ushirikiano na madaktari, ili watu wajifunze kumpulizia pumzi mtu aliyezimia. Mwanasesere huyo, Resusci Anne, hakuwa na tarakilishi. Alienea duniani kote.

Kozi imepita, je, wodini?

Hadi hapa unaweza kufikiri kwamba hadithi yenyewe ni ya bei: kitu rahisi kilishinda kitu ghali. Mimi nilifikia hitimisho tofauti niliposoma utafiti uliofuata, hasa wa kwetu Afrika Mashariki.

Mwaka 2005 Barry Issenberg na wenzake walichambua tafiti 109 za kufundishia kwa mashine za kuigiza ili kujua ni nini hasa kinachomfanya mtu ajifunze. Kilichotajwa zaidi ya vyote ni kumwambia mwanafunzi palepale alipokosea na alipopatia. Kilichofuata ni kurudia zoezi.

Sasa njoo Nairobi. Mtoto akizaliwa bila kupumua, dakika ya kwanza ndiyo yenye uzito: akaushwe, asuguliwe mgongo, na asipoitikia apuliziwe hewa kwa kifuko na barakoa. Katika hospitali ya Pumwani, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust walipiga kura: baadhi ya wahudumu wapate kozi ya siku moja mapema, wengine wasubiri. Kisha walifanya jambo gumu. Badala ya kuwapa watu karatasi ya maswali, waliwatazama wakiwahudumia watoto halisi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2008: waliofundishwa walifanya hatua za kwanza ipasavyo katika asilimia 66 ya matukio, na ambao hawajafundishwa asilimia 27. Huo ulikuwa ushahidi mzuri, lakini ulihusu kipindi kifupi baada ya kozi.

Tuvuke mpaka hadi Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyo mkoani Manyara, kaskazini mwa Tanzania. Aprili 2010 wahudumu walipata kozi ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Walitumia mwanasesere wa kujazwa maji, ambaye mapigo na pumzi zake huendeshwa na mwenzako kwa kuminya vipira kwa mkono. Miezi saba baadaye walipimwa tena kwa mwanasesere, wakafanya vizuri kuliko kabla ya kozi. Lakini katika chumba cha kujifungulia, ambako kila uzazi ulikuwa ukifuatiliwa, namna walivyowahudumia watoto haikuwa imebadilika.

Soma tena sentensi hiyo. Sisi waunda programu tunaijua vizuri: majaribio yote yamepita ofisini, programu imefika kwa mteja ikaanguka. Wengi wangeficha matokeo kama hayo. Wao waliyachapisha mwaka 2013, na lililo bora zaidi, walibadilisha mafunzo yenyewe.

Kuanzia Februari 2011 mwanasesere alihamia wodini. Wahudumu walifanya zoezi la dakika 3 hadi 5 kila wiki, mle mle kazini, na zoezi la dakika kama 40 kila mwezi. Estomih Mduma na wenzake walilinganisha mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada ya mabadiliko hayo. Wakunga waliwasugua watoto wengi zaidi mapema, na waliohitaji kupuliziwa hewa wakapungua. Vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Ni hospitali moja, na hapakupigwa kura ya nani afundishwe, kwa hiyo huenda mambo mengine yalichangia. Lakini mwanasesere alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni mahali alipokaa na mara ngapi aliguswa.

Tufanye nini nayo?

Nayaandika haya kwa sababu kazi hii sasa imeingia mikononi mwetu. KEMRI-Wellcome na Chuo Kikuu cha Oxford wametengeneza LIFE, mchezo wa simu unaomweka muuguzi mbele ya mtoto aliye hatarini na kumtaka aamue hatua inayofuata. Wengine wanaleta miwani inayokuonyesha chumba cha upasuaji, na wengine akili bandia inayoigiza mgonjwa anayeongea. Mimi nafurahi, maana simu hurahisisha kurudia zoezi kila wiki bila kumsafirisha mtu hadi hoteli ya mjini kwa semina.

Lakini mtu akinionyesha programu ya namna hiyo, siulizi kwanza ina picha nzuri kiasi gani. Namuuliza maswali matatu. Je, inamwambia mtu kosa lake palepale? Je, atairudia mara ngapi kwa mwezi, na akiwa wapi? Na la tatu, ambalo wengi hulikwepa: je, mmemtazama akiwa na mgonjwa halisi, au mmehesabu alama za kwenye simu tu?

Mkunga aliye peke yake saa tisa usiku, na mtoto hajalia, hana nafasi ya kufungua programu. Wakati huo atatumia kile ambacho mikono yake imekizoea.

Wewe unayefanya kazi wodini, mambo yako vipi huko? Mwanasesere wenu yuko karibu na kitanda, au amefungiwa kabatini na ufunguo anao mkubwa aliyekwenda mkutanoni? Niandikie hapo chini.