Rasimu, Urasimi na Tendegu la Kiti

Katika karakana za Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, fundi hulaza pateni ya plaiwudi juu ya ubao wa mtiki, akatoa penseli sikioni na kuizungushia. "Piga laini hapo," humwambia kijana wake. "Mguu huu hauna shepu." Kazi inakwenda, kiti kinatoka. Lakini tukifungua michoro ya samani za akina Robert Adam na Thomas Sheraton, wabunifu wa Uingereza wa karne ya kumi na nane, sisi walinzi wa lugha tutaisoma kwa maneno gani?

Samani ni neno la asili ya Kiajemi, lenye maana ya vyombo na vitu vya nyumbani. Wapo wanaoandika "thamani za ndani", kana kwamba kabati na bei yake ni kitu kimoja. Fanicha haina kosa, ila samani ina adabu zaidi kwenye maandishi.

Ubao nao una majina mawili. Msaji umetoka kwenye saj ya Kiarabu. Mtiki ni Kiingereza kilichovishwa m- ya miti. Bonde la Kilombero, ilipo Mang'ula, limechagua mtiki, na mwenye shamba ndiye mwenye jina.

Mtindo wa Adam na Sheraton tuuite urasimi mpya (neoclassicism), kama wanafasihi wanavyosema. Mzizi wake ni rasm ya Kiarabu, yaani kuchora. Humo zimetoka rasmi, rasimu, na hata urasimu, ule wa mihuri na "njoo kesho". Basi tuchunge irabu ya mwisho! Nami napendekeza rasimu irudishiwe kazi ya ukoo wake: mchoro wa fundi kabla ya msumeno uitwe rasimu.

Mchoro nao ubaki kwa picha iliyochapwa. Kuchora ni pia kutia alama kwa ncha kali, na kurasa za picha za kitabu alichoanza kukitoa Sheraton mwaka 1791 zilichorwa kwanza kwenye bamba la shaba. Neno limekaa pake.

Badala ya laini tuna mstari. Mstari umetokana na jina la kifaa cha kupigia mistari, kwa hiyo una unyoofu damuni. Unamfaa Sheraton, mpenda miguu iliyonyooka na kuchongoka. Unamlemea mbunifu Thomas Hope, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1807 alionyesha viti vya Kigiriki kwa ukingo mtupu, bila kivuli. Ukingo huo unaolizunguka umbo lote tuuite mzingo.

Mifereji midogo inayoshuka kwenye mguu wa kiti tusiiazimie jina. Mfuo upo, nao ni mstari uliochimbika: mguu wenye mifuo.

Shepu husema kitu kinavyoonekana. Sura huelekea usoni. Umbo limetokana na kuumba, hivyo humkumbuka aliyekitengeneza. Hapa sioni mshindani.

Mwisho ni mguu wenyewe. Waswahili wana tendegu, mguu wa kitanda. Tulipanue lifike kwenye kiti na meza. Na ule mguu wa kiti cha Kigiriki unaopinda kuelekea nje? Kwa wavuna mpunga nauita tendegu mundu. Mwenye jina bora alilete, ila kwanza alijaribu kwa fundi: akiuliza mara mbili "unataka nini?", istilahi hiyo bado haijaiva.